Nani Achinje? Kufundisha Upatanisho katika Shule za Ukanda wa Ziwa

Makala haya yamekusudiwa kwa mwalimu, na hasa mwalimu mwanafunzi aliye katika mazoezi ya kufundisha, ambaye amepangiwa mada ya amani na uvumilivu wa kidini katika somo la Uraia na Maadili au lile la Historia ya Tanzania na Maadili. Mada hii huonekana nyepesi. Mwalimu huandika ubaoni maana ya amani, huorodhesha faida zake, kisha huuliza yatupasa kufanya nini ili tuishi pamoja kwa salama. Wanafunzi hujibu kwa sauti moja kwamba yatupasa kupendana. Kengele hulia. Andalio la somo limefuatwa, malengo yamefikiwa, na mkufunzi aliyeketi nyuma ya darasa hana la kulaumu ila hili moja: hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyejifunza jambo ambalo hakulijua alipoingia.

Rai yangu ni kwamba upatanisho hufundishwa vema tukianza na kitu kinachogombewa, kabla ya kuzitaja imani za wanaokigombea. Katika mikoa ya Mwanza na Geita kitu hicho kinajulikana, nacho kinaning'inia katika ndoano kila asubuhi sokoni. Ni nyama.

Jambo lenyewe

Tarehe 11 Februari 2013, katika mji mdogo wa Buseresere, mkoani Geita, Waislamu na Wakristo walipigana kwa sababu ya nyama iliyochinjwa na Wakristo na kuwekwa ili iuzwe. Mchungaji mmoja wa kanisa la Kipentekoste aliuawa, na watu wengine wakajeruhiwa. Mvutano huo haukuzuka siku hiyo. Ulikuwa umekwisha kutokota katika mikoa yote miwili, na viongozi wa serikali na wa dini walikuwa wamekwisha kukutana mara kadhaa kuujadili. Serikali ilitangaza kwamba desturi ya Waislamu kuchinja nyama inayouzwa kwa watu wote iendelee. Wako Wakristo walioridhika na wako walioona kwamba wameamriwa kula kwa baraka za dini nyingine. Mwezi Aprili mwaka huohuo mzozo wa aina hiyo ukaleta ghasia Tunduma, mpakani mwa Zambia.

Wanafunzi tulio nao madarasani hawakuyaona hayo, au waliyaona wakiwa wangali mgongoni mwa mama zao. Yaliyomo vichwani mwao wameyapata nyumbani, na kila nyumba ina masimulizi yake. Ndiyo maana mwalimu anayedhani kwamba kunyamaza ni busara anajidanganya. Darasa limekwisha kufundishwa habari hii na walimu wasio na andalio la somo, na kimya cha mwalimu huwaachia hao neno la mwisho.

Kabla ya kusimama mbele ya darasa, hapana budi mwalimu ajue kwa nini kuchinja ni jambo zito. Kwa Mwislamu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kwa taratibu zinazojulikana na bila kutajwa jina la Mwenyezi Mungu ni kibudu, na kibudu ni haramu. Hapo hapana fahari wala cheo. Ni wajibu, sawa na kutawadha kabla ya swala. Ni kweli kwamba Kurani, katika sura ya tano, inahalalisha chakula cha watu waliopewa Kitabu, na wanazuoni wamejadiliana kwa karne nyingi kuhusu mipaka ya ruhusa hiyo. Lakini mnunuzi wa nusu kilo ya nyama katika soko la Sengerema hatafuti mjadala, anataka yakini. Kwa upande wa Wakristo, Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho na Warumi juu ya nyama na dhamiri, na makanisa yetu yamezisoma nyaraka hizo kwa namna mbalimbali. Wengi husoma kwamba chakula hakimtengi mtu na Mungu, basi hununua bila kuuliza. Wengine huona kwamba kula nyama iliyosomewa dua ya imani nyingine kunagusa imani yao. Tena wapo ambao hawana neno na nyama yenyewe, bali wanauliza ni kwa nini kazi ya machinjio, yenye ujira wake, iwe ya watu wa dini moja katika nchi isiyo na dini.

Napendekeza kipimo hiki kwa kila mwalimu kabla ya kuanza mada. Aeleze msimamo wa kila upande mbele ya mtu wa upande huo, faraghani, mpaka mwenyewe aseme, "Ndivyo hasa." Asipofikia hapo kwa pande zote mbili, aahirishe mada afundishe nyingine.

Kuna jambo la tatu ambalo vijana wengi hawalijui, nalo huenda ndilo kiini cha somo. Katika vijiji vingi vya Usukuma, na kwa kweli katika sehemu nyingi za Tanzania, Mkristo mwenye harusi au msiba alikuwa akimwita jirani yake Mwislamu aje kumchinjia ng'ombe. Hakulazimishwa na mtu. Alifanya hivyo ili wageni wote waweze kula sufuria moja. Hata mzee asiyefuata dini yoyote kati ya hizo mbili, anayewatambikia mababu zake, alifanya vivyo hivyo. Ilikuwa hisani ya mwenye karamu kwa wageni wake. Miaka ikapita, hisani hiyo ikahama kutoka uani kwenda machinjioni na madukani, ikawa utaratibu wa mji, na hakuna aliyewaeleza watoto ilivyoanza. Upande mmoja ukaikuta kama haki, upande wa pili ukaikuta kama deni. Mihadhara ya hadharani iliyoenea tangu miaka ya 1980, ambamo wahubiri wa pande zote walishindana kuonyesha udhaifu wa kitabu cha wenzao, ikaongeza ukali. Hata mwaka 2013 neno "desturi", ambalo kwa babu lilikuwa na maana ya ukarimu, kwa mjukuu lilikuwa na maana ya nani mkubwa kwa nani.

Kipindi cha kwanza: samaki na nyama

Somo lianze mwaloni. Mwalimu alete darasani, kama zana, dagaa wakavu wachache katika karatasi, au mkia wa sato. Awaulize wanafunzi: nani aliyemvua samaki huyu? Ni wa dini gani? Watacheka. Hakuna anayejua, na hakuna mtu katika soko la Mwaloni, Kirumba, aliyewahi kuuliza. Katika mtumbwi mmoja utawakuta wavuvi wa dini zote, na wasio na dini, wakivuta wavu mmoja. Kisha mwalimu aulize swali la pili: mbona hatujapata kusikia ugomvi wa kidini mwaloni, ila buchani tumeusikia?

Swali hili lapasa lipewe muda. Baadhi ya wanafunzi watasema kwamba wavuvi ni watu wema kuliko wauza nyama, na mwalimu awaache wenzao wawasahihishe. Punde si punde mwanafunzi wa Kiislamu, au yeyote aliyekulia jirani na Waislamu, atasema kwamba samaki hachinjwi. Sheria ya Kiislamu haidai achinjwe. Basi tofauti haiko katika mioyo ya watu, iko katika kitu chenyewe na masharti yake. Darasa likifika hapa kwa miguu yake lenyewe limepata ufunguo wa mada nzima: watu walewale, wenye imani zilezile, huishi bila mgogoro juu ya kitu kimoja na hugombana juu ya kingine. Kwa hiyo kinachostahili kuchunguzwa ni kitu na utaratibu wake.

Kazi ya nyumbani iwe moja tu. Kila mwanafunzi amuulize mtu mzima wa nyumbani, "Zamani, penye harusi, nani alikuwa akichinja, na kwa nini?" Asiulize habari za mwaka 2013. Swali la zamani huwafungua wazee. Lile la juzi huwafunga.

Kipindi cha pili: pande mbili

Makundi ya majadiliano yasipangwe kwa dini kwa hali yoyote ile. Sensa zetu za watu zimeacha kuuliza dini tangu ile ya mwaka 1967, wala haifai mwalimu aanzishe yake darasani. Tayari wanafunzi hutengana kwa dini mara moja kwa juma, katika kipindi cha dini, na hilo ni haki yao. Kipindi chetu kiwe cha kuchanganya. Njia rahisi ni kuweka mfukoni punje za mahindi na za maharage kwa idadi sawa, kila mwanafunzi achomoe moja bila kutazama. Wenye mahindi wataandaa maelezo ya muuza nyama Mwislamu, wenye maharage maelezo ya mnunuzi Mkristo asiyeridhika. Kwa bahati nasibu hiyo wengi watajikuta wakiusemea upande usio wao.

Hapa ndipo mwalimu anapotakiwa kuwa macho. Masharti ni mawili. La kwanza, msemaji haruhusiwi kumkejeli anayemsemea. La pili, baada ya kila maelezo wanafunzi waulizwe, "Je, ndivyo wanavyosema wenyewe?" Kila mwenye kujibu ajibu bila kulazimika kutaja dini yake.

Nilipata kulitazama somo hili likifundishwa na mwalimu mwanafunzi katika shule moja ya kata, kusini ya Mwanza. Kijana mmoja wa kundi la mahindi alieleza vizuri, kwa sauti ya muuza nyama, kwamba bucha likipoteza sifa ya halali litapoteza nusu ya wateja, na familia italala njaa. Kisha msichana wa kundi la maharage akasimama. Maelezo yake yalikuwa mafupi, ila mwishoni aliuliza swali lisilokuwa katika andalio la somo.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kama kila mtu ana bucha lake, dada yangu akiolewa tutanunua wapi? Baba mdogo ni Mwislamu, mama mkubwa ni Mlokole."

Mwalimu mwanafunzi hakujibu. Aliliandika swali hilo ubaoni, neno kwa neno, akasema, "Ahsante, binti. Tutalirudia kipindi cha nne." Lilikaa ubaoni hadi mwalimu wa Hisabati alipolifuta. Katika tathmini yangu nilimpa alama za juu kwa sababu ya ukimya ule, kwani jibu la haraka lingeliua swali, na swali lile lilikuwa bora kuliko maswali yote yaliyokuwa katika kitabu cha kiada.

Kipindi cha tatu: mfano wa Buganda

Wengine wataniuliza kwa nini tuvuke ziwa na kurudi nyuma zaidi ya karne moja, hali mfano uko mlangoni. Jibu ni kwamba mfano wa mlangoni unaumiza. Mwanafunzi ambaye mjomba wake alikuwapo Buseresere hawezi kuutazama kwa utulivu. Anahitaji kwanza mfano wa mbali, ajizoeze kuona namna ugomvi wa dini unavyozaliwa na unavyotulizwa, ndipo arudi kwake. Vilevile mfano wa Buganda una uhusiano na pwani yetu kuliko watu wengi wanavyofahamu, kwa hiyo mwalimu anaweza kuufundisha kwa kuitumia ramani ya mkoa.

Achore ziwa ubaoni. Upande wa kaskazini aandike Mengo, na upande wa kusini Kageye, Magu na Bukumbi. Kageye ndipo Stanley alipopiga kambi mwaka 1875 kabla ya kwenda Buganda. Waislamu walikuwa wamekwisha kufika huko Buganda kabla ya wamisionari wote. Waprotestanti kutoka Uingereza walifika mwaka 1877. Mapadri Weupe, ambao walitoka katika pwani hii ya Usukuma, walifika Februari 1879. Jumba la Kabaka likawa na wasomaji wa aina tatu, na kila kundi likawa na vijana wake, wakubwa wake na bunduki zake. Chini ya Mutesa waliuawa Waislamu walioishika dini kuliko amri ya mfalme. Chini ya Mwanga, mwaka 1886, wakachomwa Wakristo pale Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Yaliyofuata yaandikwe ubaoni kwa miaka, kwa maana mpangilio wake ndio somo lenyewe. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga. Mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo, wengi wao wakakimbilia Ankole. Wamisionari walivuka ziwa wakaja kusini: Mapadri Weupe kwenye misheni yao ya Bukumbi, na Waprotestanti kwa Alexander Mackay huko Usambiro. Mwanga mwenyewe alikimbilia Magu, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, kisha akaja Bukumbi, akapokewa na mapadri ambao waumini wao alikuwa amewachoma moto miaka miwili iliyopita. (Mwalimu asimame hapa kidogo. Mapokezi hayo yalifanyika mwendo mfupi tu kutoka Mwanza mjini, na wanafunzi wengi hupita Bukumbi bila kujua.) Katika mwaka 1889 Wakristo wa madhehebu yote mawili waliungana wakaanza kumrudisha Mwanga, na mapema mwaka 1890 Waislamu wakawa wameshindwa.

Kisha, tarehe 24 Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wao kwa wao pale Mengo. Chanzo cha karibu kilikuwa bunduki iliyoibwa, mtu aliyeuawa katika kuigombea, na hukumu ya Kabaka ambayo upande mmoja haukuikubali. Hakuna aliyepigana siku ile kwa sababu ya fundisho juu ya Ekaristi. Wakatoliki waliitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda, wengine ndugu wa tumbo moja. Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza aliusaidia upande wa Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim, na vita vikaisha.

Mwalimu aulize: katika miaka minne hiyo, nani alikuwa adui wa nani? Wanafunzi watakapojaribu kuchora mishale ubaoni wataona kwamba mishale inageuka kila mwaka. Rafiki wa Septemba ni adui wa Oktoba. Hili huwafungua akili kuliko mahubiri, kwa sababu mtoto aliyelelewa akiamini kwamba Mwislamu na Mkristo ni maadui wa asili anakutana na Wakristo wanaouana, na kabla ya hapo Mwislamu na Mkristo waliosimama bega kwa bega. Hapo ndipo linapojitokeza swali lenyewe: walikuwa wakigombea nini? Jibu ni vyeo, ardhi na sikio la Kabaka. Dini ilikuwa njia ya kuhesabiana.

Sehemu ya mwisho ya kipindi ihusu suluhu ya Lugard, na mimi huiona ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Mwaka 1892 nchi iligawanywa kwa dini. Wakatoliki walipewa Buddu. Waislamu walipewa majimbo matatu madogo. Waprotestanti walibaki na sehemu kubwa na vyeo vikubwa. Mtu aliyejikuta katika jimbo la dini nyingine alihama. Mapigano makubwa kati ya makundi yale mawili ya Kikristo yakakoma, na kwa kipimo hicho suluhu ilifaulu. Lakini kuanzia hapo cheo cha kichifu kikawa na dini, na hata vyama vya siasa vilipoanza Uganda katika miaka ya 1950, watu walikuwa wakikitazama Democratic Party kama chama cha Wakatoliki. Mpaka uliochorwa ili watu wapumzike kwa muda ukawa ukuta, na wajukuu waliuhesabu kama maumbile ya nchi.

Kipindi cha nne: mabucha mawili

Sasa darasa liko tayari kurudi nyumbani. Mwalimu aliandike tena swali la harusi, au swali jingine lililotoka kwa wanafunzi wenyewe, na aliweke pamoja na pendekezo ambalo lilitolewa kwa dhati wakati wa mzozo wa 2013: kila dini iwe na machinjio yake na bucha lake, lenye alama inayoonekana. Makundi yapime pendekezo hilo. Linatuliza nini? Linaharibu nini? Nani anafaidika, nani analipa zaidi?

Ni lazima mwalimu awatendee haki wenye pendekezo. Katika mji mkubwa kama Mwanza, mabucha mawili yanaweza kuwa jambo la kawaida tu la biashara, kama vile ilivyo na mabucha ya kitimoto ambayo kila mtu anayajua na asiyeyataka huyapita. Mtu akitaka nyama ya namna yake aipate, mradi isiuzwe kwa hila kwa asiyeitaka. Hoja hiyo ina nguvu, na mwanafunzi anayeitetea asionekane kuwa mchochezi. Upande wa pili darasa litakumbuka Buddu. Litauliza habari za kijiji kidogo chenye ng'ombe mmoja tu anayechinjwa kwa juma. Shule ya bweni yenye jiko moja. Nyumba ya baba mdogo na mama mkubwa. Hapo majibu ya nyumbani waliyokusanya wanafunzi yatakuwa na kazi: ile hisani ya zamani ya kumwita jirani achinje yaweza kuelezwa upya, mbele ya wote, kwa jina lake halisi. Nimeona darasa likipendekeza kwamba mwenye karamu aendelee kumwita Mwislamu achinje, naye Mwislamu aliyeitwa aseme mbele ya wageni kwamba amekuja kwa heshima ya mwenye nyumba. Nimeona pia darasa likishindwa kukubaliana. Yote mawili ni matokeo mema ya kipindi, na mwalimu asilazimishe kura.

Nina maoni yangu, na siyafichi kwa wakufunzi wenzangu. Naona mabucha mawili ni dawa ya homa, si ya ugonjwa. Palipo na damu lazima homa ishushwe kwanza, lakini kijiji kisichoweza tena kula harusi pamoja kimepoteza kitu ambacho hakinunuliwi kwa kilo. Hata hivyo maoni haya hayana nafasi darasani. Mwanafunzi akimwuliza mwalimu yeye binafsi anaonaje, ajibu kwamba ataeleza baada ya kila mwanafunzi kuandika yake.

Wakati ukiruhusu, mwalimu aweza kuongeza mfano mmoja wa pwani hii ambao haukuhitaji mkutano wowote. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya abiria wakafa, wengi walizikwa pamoja katika makaburi ya Igoma. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 220 wakafa, viongozi wa dini mbalimbali walisimama kwenye mazishi yaleyale. Mfano huu ufundishwe kwa uangalifu, maana katika darasa lolote la Ukerewe au Mwanza yaweza kuwamo mtoto wa marehemu.

Tahadhari

Somo hili lisifundishwe katika juma ambalo mzozo umechemka. Wakati huo mwalimu atulize darasa, asikilize, na kumwarifu mkuu wa shule. Wakati wa somo ni ule wa utulivu, ambapo hakuna anayeliona kuwa la lazima.

Ugomvi wa watoto usidharauliwe. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, mabishano ya vijana wawili juu ya Kurani, ambapo ilidaiwa mmoja aliinajisi, yaliishia katika makundi ya watu kuvamia na kuchoma makanisa. Wote wawili walikuwa wa umri wa wanafunzi wetu. Mwalimu aliye zamu akisikia wanafunzi wakithubutishana juu ya kitabu kitakatifu, huo si utani wa kupita. Utani una ndugu zake na mipaka yake. Wagika na wagalu wa Usukuma hushindana ngoma kwa kejeli kali kila mwaka, pale Bujora katika sikukuu ya Bulabo, na kila mmoja anajua wapi maneno yanaishia. Kitabu cha dini hakimo katika utani wa aina hiyo, na wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi. Wajue pia kwamba Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu, na Kanuni ya Adhabu inakataza kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwingine.

Viongozi wa dini wapewe taarifa mapema, na wa pande zote kwa siku moja. Mikoa yetu ina kamati za amani za viongozi wa dini, na shehe au mchungaji aliyezoea kukaa katika kamati hizo huwa msaada mkubwa. Lakini nashauri wasialikwe kuhutubia darasa wakati wa vipindi hivi vinne. Wanafunzi wakimwona mkubwa wa dini yao ameketi mbele, hurudia aliyowafundisha, na tunarudi kwenye jibu la sauti moja.

Jina la marehemu wa Buseresere, na majina ya walioshtakiwa, yasitajwe darasani. Familia zingalipo.

Kupima

Maswali ya kuchagua jibu sahihi hayafai kwa mada hii. Swali moja la insha latosha, na mfano wake ni huu: "Wewe ni mwenyekiti wa kijiji chenye bucha moja. Wakazi kumi wamekuletea barua wakitaka bucha la pili la dini yao. Andika maneno utakayowaambia, na maneno utakayomwambia mwenye bucha la kwanza." Katika kusahihisha, mwalimu asiangalie kama mwanafunzi amelikubali bucha la pili au amelikataa. Aangalie kama barua imejibiwa kwa sababu ambazo waandishi wake wangezitambua kuwa ni zao, na kama mwenye bucha la kwanza ameambiwa jambo lilelile waliloambiwa wenzake. Mwanafunzi aliyeandika maneno mawili yanayopingana, ili kila upande uondoke umefurahi, apewe alama chache, na aitwe ofisini aelezwe sababu.